Bei ya Kamera Mpakani Busia

Msikilizaji, wapo wapiga picha wa harusi Tororo wanaoamini kamera ya hali ya juu huwa nafuu mno ukivuka Busia kuingia Kenya. Tupige hesabu.

Canon EOS R5 ilipotoka mwaka 2020 iliuzwa Marekani dola 3,899, bodi peke yake bila lenzi. Lenzi yake ya RF, milimita 24 hadi 70, ilitoka kwa dola 2,299. Jumla 6,198. Weka VAT ya Kenya, asilimia 16, kisha ya Uganda, asilimia 18: tofauti haifiki dola 125. Ushuru wa forodha nao hupangwa kwa pamoja Afrika Mashariki. Na cheti rahisi cha uasili wa bidhaa za Afrika Mashariki, kinachomsaidia mama anayevusha mahindi kwa mzigo usiozidi dola 2,000, hakiihusu kamera iliyotengenezwa Japani.

Basi anayekuuzia kwa bei ya chini ajabu amepunguza wapi? Mara nyingi ni kwenye kodi, au kwenye waranti. Muuzaji halali hawezi kumshinda kwa kukata bei ya bodi, na asijaribu. Nguvu yake ni matengenezo na lenzi, kwani aliyenunua bodi leo atarudi kutafuta lenzi za mfumo huohuo kwa miaka mingi.

Wauzaji wa Busia na Malaba, andikeni bei ya bodi, ya lenzi na ya waranti kila moja peke yake. Nawe mnunuzi, dai risiti yenye namba ya kamera kabla hujatoa pesa.