Aandaliwe na Nani?

(Mazungumzo yaliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, bwaloni)



Katibu aliponiandikia kuniomba niseme maneno machache, alitazamia kwamba nitazungumzia utumishi serikalini, maana ndiyo kazi niliyoifanya tangu nilipotoka Chuo Kikuu. Nilimjibu kwamba ningependa kuzungumzia utumbo. Akakaa kimya wiki nzima, kisha akauliza kama jambo hilo linafaa kusemwa mbele ya wanafunzi. Mimi naona linafaa. Wanafunzi wamekwisha kuufundishwa utumbo darasani na hawauonei haya. Wenye haya ni sisi wa miaka arobaini na kuendelea, na bahati mbaya sisi ndio tunaohusika zaidi.

Niseme mapema kwamba mimi si daktari. Haya nimeyapata kwa kulazwa, kwa kuwauliza madaktari na wauguzi maswali mengi kuliko walivyopenda, na kwa kusoma.

Mwaka 2022 nililazwa kwa upungufu wa damu. Nilikuwa nikiona damu chooni mara kwa mara, na daktari akaamuru nifanyiwe kipimo kiitwacho kolonoskopi. Mgonjwa hulazwa kwa ubavu, akapewa dawa ya kumtuliza, kisha daktari akapitisha mpira mwembamba unaopindika, wenye taa na kamera kwenye ncha, kupitia njia ya haja kubwa. Mpira huo hupanda katika utumbo mpana wote, ambao kwa mtu mzima una urefu wa mita moja na nusu hivi, mpaka pale unapoungana na utumbo mwembamba, upande wa kulia chini ya tumbo. Daktari akikuta kinyama kimeota ukutani anaweza kukikata hapo hapo na kukitoa, bila kupasua tumbo. Kazi hiyo ilianza kufanywa na madaktari William Wolff na Hiromi Shinya huko New York mwaka 1969. Faida yake ni kubwa mno, kwa sababu saratani nyingi za utumbo mpana huanza kama vinyama vidogo visivyouma, na huchukua miaka mingi, mara nyingi kumi au zaidi, kabla havijageuka kuwa ugonjwa wenyewe. Marekani, mwaka 2021, jopo la wataalamu lilishusha umri wa kuanza kupimwa kwa watu wasio na dalili yoyote kutoka miaka 50 hadi 45. Wenye damu chooni hawangoji umri.

Lakini kamera haioni kupitia uchafu. Utumbo usiposafishwa, hata kamera nzuri kuliko zote duniani huonyesha kinyesi tu. Kwa hiyo kabla ya kipimo mgonjwa huandaliwa, yaani husafishwa tumbo. Hapo ndipo palipo na mazungumzo yangu ya leo.

Kitanda cha jirani yangu alilala mzee mmoja, mwalimu mstaafu, mwenye kisukari na maumivu makali ya nyonga. Naye alikuwa apimwe kipimo hicho hicho, siku mbili kabla yangu. Katika faili lake daktari aliandika, nami nililiona kwa macho yangu kwa sababu mzee alinipa nimsomee: “Mgonjwa aandaliwe kwa kolonoskopi kesho.”

Ndugu zangu mlio maofisini, sentensi hiyo tunaijua. Ni ndugu wa “suala hili lishughulikiwe” na “barua ifuatiliwe”. Walimu wetu wa Kiswahili walituambia kwamba hiyo ni kauli ya kutendwa. Hawakutuambia kwamba serikalini ndiyo kauli ambayo mtenda hayumo. Barua hufuatiliwa na nani? Mwaka huisha, barua ikali mezani.

Basi mzee “aliandaliwa”. Saa saba mchana, wakati wa kuona wagonjwa, binti yake alimletea wali na maharage, na mchicha, na pera moja kubwa, kwa mapenzi mema kabisa. Hakuna aliyemwambia asilete. Muuguzi wa zamu ya mchana aliileta dawa jioni, akaichanganya, akamwambia, “Mzee, unywe yote hii.” Ilikuwa dumu la lita nne. Mzee alikunywa bilauri tatu, tumbo likajaa, akapumzika. Zamu ikabadilika. Muuguzi wa usiku aliona dumu, akadhani mgonjwa anaendelea vizuri. Choo kilikuwa mwisho wa ukumbi, na mzee kwa nyonga ile hakutaka kuamka mara kumi gizani, kwa hiyo hakuligusa tena. “Mwanangu,” aliniambia, “nikianguka huko nani ataniokota?” Asubuhi akachukuliwa kwenda kupimwa. Saa sita alikuwa amerudi kitandani. Hakikuonekana kitu. Si kwamba hakukuwa na kitu, bali hakikuonekana.

Sitaitaja hospitali hiyo, wala sina lawama kwa mtu mmoja mmoja. Daktari aliandika, mwenye duka la dawa alitoa dawa, muuguzi aliichanganya, binti alileta chakula. Kila mmoja alifanya lake na kazi ikaharibika. Kwa mtu wa utawala hilo halishangazi. Wenzetu wa nchi zenye vifaa vingi kuliko sisi wanalijua vilevile, kwa kuwa imethibitika tena na tena kwamba mgonjwa aliyelazwa wodini husafishika vibaya kuliko yule anayejiandaa nyumbani kwake. Ungetazamia kinyume chake, maana wa wodini ana wauguzi kumzunguka! Lakini wa nyumbani ana karatasi ya maelekezo mkononi, ana choo chake, anatembea, na anajua kwamba asipojisafisha hakuna wa kumsafisha. Wa wodini hulala muda mrefu, na utumbo nao hulala. Pengine ana kisukari, au aliwahi kupooza, au anameza dawa kali za maumivu za jamii ya mofini, ambazo hufunga choo. Mzee wetu alikuwa na mawili kati ya hayo, na nyonga juu yake.

Sasa niwaeleze dawa yenyewe inavyofanya kazi, kwa ajili ya wanafunzi wa sayansi, maana mimi ilinipendeza. Zamani watu walifungishwa kwa siku kadhaa, wakanyweshwa mafuta ya nyonyo au chumvi ya haluli, wakapigwa bomba. Mtu alifika kwenye kipimo akiwa hoi. Mwaka 1980 daktari Fordtran na wenzake huko Texas walitangaza mchanganyiko wa unga uitwao polithilini glikoli pamoja na chumvi chumvi zilizopimwa. Ukinywa lita nne za maji matupu, mwili huyafyonza na kuyatoa kama mkojo, na utumbo hausafiki. Molekuli za unga huu ni kubwa, utumbo hauwezi kuzifyonza, nazo huyashikilia maji yabaki ndani na kupita kama mafuriko. Zile chumvi zimepimwa ili mwili usipoteze chumvi zake wala usiongezewe. Kwa hiyo unga huchanganywa kwa kipimo kilichoandikwa, haupunguziwi maji ili dumu liwe dogo.

Si kila dawa ya kuharisha inafaa. Sukari iitwayo manitoli ilitumika zamani. Bakteria wa tumboni huichachusha ikatoa gesi ya haidrojeni, na mwaka 1979 iliripotiwa kutoka Ufaransa kwamba mgonjwa alikufa pale gesi ilipolipuka tumboni wakati daktari akikata kinyama kwa umeme. Fosfati ya sodiamu nayo, iliyopendwa kwa sababu hunywewa kidogo tu, ilionekana kuumiza figo za baadhi ya watu, na mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani ikatoa onyo kali. Wazee na wenye figo dhaifu au moyo dhaifu wasijinunulie chochote dukani. Na mtu ambaye tumbo limevimba, anatapika, hapati choo wala hewa, asinyweshwe dawa hizi kabisa mpaka daktari amhakikishie kwamba utumbo haukuziba.

Jambo lililonisaidia mimi ni kugawa dozi. Zamani dawa yote ilinywewa jioni. Siku hizi nusu hunywewa jioni na nusu ya pili alfajiri, ikianza saa nne mpaka sita kabla ya kipimo na kumalizika angalau saa mbili kabla yake. Sababu yake ni kwamba utumbo mwembamba haulali. Usiku kucha unamimina majimaji yenye nyongo, yanayokuja kupaka ukuta wa utumbo mpana upande wa kulia, ambako mara nyingi huota vinyama bapa visivyoonekana kwa urahisi. Dozi ya alfajiri huuosha upande ule.

Wodini dozi ya alfajiri ndiyo hupotea, kwa kuwa inaangukia zamu ya usiku, saa ambayo muuguzi mmoja ana wagonjwa wengi. Nilibahatika. Sista wa zamu ile alikuwa amemwona mzee akirudi bure, akakasirika kwa namna nzuri. Alichukua karatasi akaibandika kwa plasta ukutani juu ya kichwa changu. Iliandikwa: “Asile kitu kigumu. Saa 12 jioni: lita 2. Saa 10 alfajiri: lita 2. Saa 1 asubuhi: mwisho. Nione choo.” Na chini jina lake. Kipimo kilikuwa saa tatu asubuhi. Bilauri nane, moja kila robo saa, hufanya saa mbili kamili. Ladha yake ni kama maji ya bahari yaliyosahauliwa kwenye sufuria. Iliyopoa hunyweka vizuri zaidi, na nilikuwa natembea ukumbini kati ya bilauri na bilauri, kwa amri yake.

“Nione choo” ndiyo amri iliyoniaibisha na ndiyo iliyokuwa na maana kuliko zote. Mgonjwa akiulizwa, “Umeendesha?” hujibu, “Ndiyo, Sista, sana,” na maandalizi huandikwa kuwa yamekamilika. Kuendesha sana si kusafika. Mwanzo hutoka kinyesi, kisha maji ya kahawia yenye chembe, kisha maji ya njano yenye ukungu, na mwisho maji ya njano angavu, kama mkojo wa mtu aliyekunywa maji ya kutosha. Likitoka la kahawia alfajiri, ni saa ya kumwambia daktari, ili dawa iongezwe au kipimo kisogezwe mbele, kabla mgonjwa hajapelekwa.

Wapimaji nao wana alama zao, kama sisi tulivyokuwa na zetu hapa. Kipo kipimo cha Boston cha mwaka 2009. Utumbo mpana hugawanywa sehemu tatu, kila sehemu hupewa alama 0 hadi 3, jumla 9. Kufaulu ni kupata angalau 2 katika kila sehemu. Ukipata 3, 3 na 0 umefeli, hata kama jumla ni 6. Natamani hesabu ya mitihani yetu ingekuwa na ukali huo.

Mzee alirudiwa baada ya siku tatu, safari hii akiwa na karatasi yake ukutani, chombo cha kujisaidia karibu na kitanda, na binti yake amekwisha elezwa. Siku hizo tatu alikaa kitandani ambacho mwingine angekilalia, na sukari yake ilisumbua kwa kufungishwa mara ya pili. Walikuta uvimbe upande wa kulia, katika sehemu ile ile ambayo mara ya kwanza haikuonekana kwa uchafu. Alihamishiwa wodi ya upasuaji kabla sijaruhusiwa. Mimi nilitolewa vinyama viwili.

Kwa hiyo mkilazwa, au mkiuguza mzazi, ulizeni kwa adabu, “Sista, dozi ya alfajiri atanipa nani?” Mkitajiwa jina, mko salama kiasi. Siku ya kuamkia kipimo pelekeni chakula chepesi kisicho na makapi: wali mweupe, yai, samaki, mkate mweupe, kwa kadiri watakavyowaelekeza, na baadaye chai ya rangi au supu iliyochujwa. Msipeleke maharage, bamia, mchicha, wala mapera na pasheni, kwa kuwa mbegu zake huziba mpira. Msipeleke kinywaji chekundu, maana kitadhaniwa damu. Anayemeza vidonge vya kuongeza damu aulize mapema, kwani kwa kawaida husimamishwa siku kadhaa kabla. Mwenye kisukari, na anayetumia dawa za kuzuia damu isigande, wasiache wala wasiendelee kwa mawazo yao. Wamuulize daktari.

Ndugu Mwenyekiti, dakika zangu zimekwisha, na naona mpishi amekwisha kutoka jikoni. Ameniambia leo kuna maharage. Kuleni bila wasiwasi, maana nijuavyo mimi hakuna kati yetu anayepimwa kesho.