Karatasi moja, safari nne

Leo tunaongea juu ya cheti cha kuzaliwa.

Mdogo wangu alizaliwa hapa Kakuma, hospitalini. Mama alipewa karatasi ya taarifa ya kuzaliwa, akaifunga kwenye kitenge, akaiweka sandukuni. Miaka 12 ikapita. Shule ikasema bila cheti jina lake haliendi kwenye mtihani wa taifa.

Ndipo tukaanza kutembea. Safari ya kwanza ofisini tukaambiwa imekosekana nakala ya kitambulisho cha mama. Ya pili, jina la baba lilikuwa na Y kwenye karatasi moja na I kwenye nyingine. Ya tatu, tuandike barua kuieleza hiyo Y. Ya nne, mwenye muhuri hayupo. Kila safari ni nauli ya boda, na siku nzima mama hajauza mandazi. Vitu hivyo vyote wangeweza kututajia siku ya kwanza. Nasi hatukuuliza.

Kwa hiyo ukifika dirishani, uliza kwanza: "Tafadhali, naomba orodha ya vyote vinavyotakiwa." Andika hapo hapo kwenye daftari lako, kisha umsomee karani uone kama amesahau kitu. Ukirudi nyumbani, linganisha majina herufi kwa herufi. Ombi lenyewe liwe fupi: jina la mtoto, tarehe, mahali alipozaliwa, majina ya wazazi. Habari za vita usiziandike. Najua zinauma, lakini karani hazitafuti, na zinaficha kile unachoomba. Baki na nakala ya kila kitu, na tarehe uliyopeleka.

Mama mwenye mtoto mchanga, sheria ya Kenya inataka mtoto aandikishwe ndani ya miezi 6. Baada ya hapo anahesabiwa amechelewa, na karatasi zinaongezeka. Wengine mnaogopa kwamba cheti kitamgeuza mtoto uraia. Hapana. Kinasema tu alizaliwa wapi, lini, na wazazi wake ni nani.

Na wewe uliyeacha vyeti vyako Kongo, Burundi au Sudan Kusini? Huwezi kwenda kuviomba kwa serikali uliyoikimbia. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, ibara ya 25, unasema nchi iliyokupokea ihakikishe unapata msaada huo, pamoja na karatasi za kushika nafasi ya zile ulizokosa. Ada ikiwepo iwe ya kiasi, inayolingana na wanayolipa wenyeji. Si kila karani anaijua ibara hii, basi itaje kwa upole, na uiandike kwenye barua yako.

Mdogo wangu alipata cheti siku chache kabla majina hayajafungwa. Mama, ile karatasi iliyo sandukuni kwako, itoe jioni hii, muisome majina pamoja na watoto.