Fowili Haina Breki ya Tano

Mhadhara wa umma kwa wasemaji wa Kiswahili wanaoishi Minnesota

Niliombwa nizungumzie jambo lolote la uhandisi litakalomfaa mtu wa kawaida. Nimechagua swali ambalo jamaa waliofika huku karibuni huniuliza kila Oktoba, theluji ikiwa bado haijaanguka: "Mwalimu, ninunue fowili?"

Kwa fowili leo nakusudia gari lolote ambalo injini yake huyazungusha magurudumu yote manne, liwe linafanya hivyo muda wote au linapohitaji tu. Wauzaji wana majina mengi ya mfumo huo, na bei zake hutofautiana kuliko sayansi yake.

Gari likiwa barabarani lina kazi tatu: kuondoka, kukata kona na kusimama. Zote tatu hufanywa na vipande vinne vidogo vya mpira vinavyogusa ardhi, na nguvu ya kuzifanya hutoka kwenye msuguano kati ya mpira huo na barabara. Kwenye lami kavu, kizigeu cha msuguano huwa kama 0.8. Kwenye theluji iliyoshindiliwa na magari hushuka hadi 0.2 au 0.3. Kwenye barafu ni 0.1, na barafu iliyokaribia kuyeyuka, yenye utando mwembamba wa maji juu yake, huenda chini zaidi ya hapo. Kwa hiyo dereva aliyetoka kwenye lami kavu akaingia kwenye barafu amepoteza sehemu saba kati ya nane za uwezo wake, na usukani bado uko mkononi mwake vilevile.

Tuanze na kuondoka, maana hapo fowili inastahili sifa zake zote. Chukua gari dogo la kawaida linalovutwa na magurudumu ya mbele. Kiasi cha asilimia 60 ya uzito wake hukaa mbele, nao ndio uzito pekee unaosaidia kuvuta. Kwenye theluji yenye kizigeu cha 0.2, nguvu kubwa kabisa ya kulisukuma gari hilo ni asilimia 12 ya uzito wake. Likiwa na fowili, uzito wote unafanya kazi na nguvu inafika asilimia 20. Mlimani tofauti hiyo ndiyo huamua nani anafika juu, hasa kwa kuwa gari likipanda uzito wake hurudi nyuma na kuyaacha magurudumu ya mbele mepesi zaidi. Aliyewahi kuendesha Duluth, kwenye mitaa inayopanda kutoka ukingo wa Ziwa Superior, hahitaji kushawishiwa. Wala muuguzi msaidizi anayetoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri kabla greda la theluji halijapita mtaani kwake. Mtu huyo fowili inamtoa kwenye maegesho, inamvusha tuta la theluji ambalo greda limeliacha mbele ya nyumba, na inamfikisha kazini. Sitambeza mtu aliyeinunua kwa sababu hiyo.

Historia yenyewe inasema mfumo huu ulitafutiwa nini. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 shirika la umeme la Tohoku, kaskazini mwa Japani, lilihitaji gari la kuwafikisha mafundi wake kwenye nyaya za milimani wakati wa theluji, lakini lenye starehe kuliko jipu. Kazi hiyo ikazaa gari la Subaru la mwaka 1972, la familia na lenye fowili. Miaka michache baadaye wahandisi wa Audi walikuwa Finland wakijaribu magari yao kwenye theluji. Mmoja wao, Jörg Bensinger, akaona Volkswagen Iltis, gari la kijeshi lenye nguvu ndogo, likiyaacha nyuma magari yenye injini kubwa zaidi. Kutokana na hilo gari la fowili la Audi Quattro likaonyeshwa Geneva mwaka 1980. Februari 1981 dereva Hannu Mikkola alishinda nalo mashindano ya magari ya Sweden, juu ya theluji.

Naomba niingize neno hapa kwa wapenzi wa Safari Rally. Wakati Quattro inatamba kwenye theluji ya Ulaya, kwetu Kenya mashindano ya 1984, 1985 na 1986 yalichukuliwa na Toyota Celica, gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma tu. Audi ilisubiri ushindi wake hadi 1987, Mikkola yuleyule akiwa usukanini. Vumbi, mawe na maelfu ya kilomita yalidai kwanza gari lisilovunjika.

Turudi kwenye baridi, kwenye kazi ya kusimama. Kila gari, liwe na fowili au lisiwe nayo, lina breki kwenye magurudumu yote manne. Fowili haina breki ya tano. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, gari hutumia mita kama 12 kusimama kwenye lami kavu, mita 49 kwenye theluji ya kizigeu cha 0.2, na mita 98 kwenye barafu. Hizo ni mita za baada ya mguu kufika kwenye breki. Kila sekunde ya kuduwaa inaongeza mita 14. Ukienda kilomita 100 kwa saa, zidisha mita za breki kwa nne. Kanuni inayotoa namba hizi ina mwendo, msuguano na mvutano wa dunia. Idadi ya magurudumu yanayozungushwa na injini haimo, na uzito wa gari haumo pia, kwa hiyo anayeamini kwamba gari kubwa "linakamata" barabara vizuri zaidi anadanganywa na ukubwa wa boneti.

Kwenye kona mambo ni ya katikati. Uwezo wa tairi ni kama mshahara mmoja wa kulipia kodi na chakula: ulichokitumia kusukuma gari mbele hakipo tena kwa ajili ya kulizuia lisitoke nje ya kona. Fowili huigawa kazi ya kusukuma kwa matairi manne, hivyo kila tairi linabakiwa na akiba kubwa zaidi ya kushika upande. Dereva stadi akitoka kwenye kona anaihisi tofauti hiyo. Lakini akiba ina mwisho. Kwenye kona yenye nusu kipenyo cha mita 50, lami kavu inakuruhusu kilomita 71 kwa saa, theluji ya 0.2 inakuruhusu 36, barafu 25. Ukiingia kwa 45 kwenye theluji, hata injini nne zisingekusaidia.

Sasa niseme ninachokiona kuwa kiini cha jambo, nacho hakimo kwenye vitabu vya maelekezo ya magari. Wengi wetu tulioijua fowili tukiwa nyumbani tuliijulia kwenye tope. Masika imeshika, barabara ya kijijini imechimbika, Land Cruiser inaingizwa fowili na gea ndogo, tunapita pale basi lilipokwama. Somo hilo ni la kweli, lakini ni la tope. Tope humkamata mtu. Ukiachia mafuta, gari linasimama lenyewe, na mara nyingi shida yako ni kwamba limesimama mno. Mwendo pia ni mdogo, kilomita 15 au 20 kwa saa, kwa hiyo ukikosea unaishia mtaroni, unatukanwa na abiria, unasukumwa, mnaendelea. Barafu haimkamati mtu. Ukiachia mafuta gari linaendelea, na kwenye barabara kuu ya I-94 linaendelea kwa mwendo ambao kwenye tope hauwezekani kabisa. Uzoefu wa tope unamfundisha dereva kwamba fowili ni ulinzi, kwa kuwa hatari ya tope ni kukwama. Hatari ya barafu ni kutosimama, na hiyo fowili haiigusi.

Tena inaweza kuificha. Gari la kuvuta mbele likiondoka kwenye taa za barabarani huku barafu imetanda, magurudumu huzunguka bure, taa ya onyo inawaka, gari linasitasita. Dereva amepata habari: leo kunateleza. Mwenye fowili ameondoka taratibu kama siku ya Julai. Habari hiyo hakuipata, na ataipata kwa mara ya kwanza kwenye taa zinazofuata, atakapokanyaga breki. Huku Minnesota jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu makutano ya barabara ndiyo yenye barafu mbaya zaidi: kwenye baridi kali, mvuke unaotoka kwenye ekzosi za magari yaliyosubiri huganda juu ya lami na kuwa utando usioonekana. Chumvi inayomwagwa nayo hudhoofika sana joto likishuka kupita nyuzi 9 za Selsiasi chini ya sifuri, na usiku wa Januari hapa hushuka zaidi ya hapo bila kumshangaza mtu.

Dawa ya kukosa habari hiyo ni ya bei nafuu: pale ambapo hakuna gari nyuma yako, ukiwa kwenye mwendo mdogo, gusa breki kwa nguvu kidogo uone gari linasemaje. Ukisikia mfumo wa kuzuia magurudumu yasijifunge ukitetemeka chini ya mguu wako mapema mno, umeshajibiwa.

Je, kuna kitu kinachosaidia kazi zote tatu? Kipo: tairi lenyewe. Wafini walilijua hilo miongo minne na zaidi kabla ya Quattro. Kiwanda kilichokuja kuitwa Nokian kilitoa tairi la theluji mwaka 1934, na aina yake ya Hakkapeliitta ikafuata mwaka 1936. Mpira wa kawaida huanza kuwa mgumu joto likishuka kuelekea nyuzi 7 za Selsiasi. Mpira wa tairi la baridi huchanganywa ili ubaki laini, na kashata zake hukatwa mistari myembamba mingi inayong'ata theluji. Tairi hilo husaidia kuondoka, kukata kona na kusimama, kwenye gari la aina yoyote. Ndiyo maana sheria ya Quebec, iliyoanza mwaka 2008, haimsamehe mwenye fowili: kuanzia Desemba mosi hadi Machi 15 naye lazima avae matairi ya baridi. California kwenye milima yake hulegeza kidogo. Ngazi ya pili ya amri ya kufunga minyororo kwenye matairi humwachia mwenye fowili apite bila kuifunga, ila awe na matairi ya theluji kwenye magurudumu yote manne. Ngazi ya tatu haimwachii yeyote.

Minnesota haina sheria ya namna hiyo, na matairi ya misumari imewakataza wakazi wake, isipokuwa wachache. Uamuzi umeachwa mikononi mwetu. Kwa hiyo lisome tairi kabla ya kulipa. Herufi M na S zinaeleza umbo la kashata tu, hazina jaribio la theluji nyuma yake. Tafuta mchoro wa mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Hata mchoro huo usiupe imani yote: jaribio lake la Marekani hupima nguvu ya kuvuta kwenye theluji iliyoshindiliwa, halipimi kusimama kwenye barafu. Tarakimu nne za mwisho za msimbo wa DOT ulio kwenye ubavu wa tairi ni wiki na mwaka lilipotengenezwa. Kashata zikibaki chini ya milimita 4, baridi hii usiingie nalo, hata kama sheria inaruhusu hadi 1.6.

Mwenye fowili ana gharama nyingine ambayo muuzaji huipitia haraka. Matairi yake manne yanapaswa kuchakaa pamoja. Ukiweka moja jipya kati ya matatu yaliyolika, mzunguko wake unatofautiana na wa mengine, na mtambo unaounganisha mbele na nyuma hufanya kazi muda wote hadi uungue. Pancha moja yaweza kukugharimu matairi manne. Kuhusu magari ya umeme yenye mota mbili sina mengi: yanagawa nguvu upesi kuliko mtambo wowote wa gea, lakini yanasimama kwa mpira uleule. Mwenye gari la namna hiyo apunguze nguvu ya breki ya mota, ile inayolivuta gari ukiachia pedali, siku ya barafu, kama gari lake linaruhusu.

Kwa hiyo ndugu yangu mwenye swali la Oktoba, kama unaishi kwenye kilima au unatoka kabla ya greda, na mfuko unaruhusu vyote viwili, nunua fowili na matairi ya baridi. Kama pesa inatosha kimoja, chukua gari dogo la kuvuta mbele na ulivalishe matairi manne ya baridi. Manne, kwa maana ukiweka mawili mbele tu, nyuma itakugeukia kwenye kona. Na uyafunge kabla ya Novemba. Theluji ya kwanza ikishaanguka, mafundi wote wa matairi mjini huwa na foleni ya wiki mbili.