Karani wa posta

Wandugu wa Makiso, wa Mangobo, wa Lubunga, mfanyakazi wa Leta akiacha kazi na kusema namna mambo yanavyoendeshwa, kesho yake wanamchimba yeye: kabila lake, madeni yake, mke wake. Alichosema hakuna anayekijibu.

Hapa Boyoma haiko mpya. Patrice Lumumba alikuwa karani wa posta hapa hapa, mji ukiitwa bado Stanleyville. Mwaka 1956 alitiwa boloko kwa ajili ya pesa za posta. Hatufichi, kesi ilikuwapo. Alipodai uhuru, wakoloni wakamwita mwizi, kisha mkomunisti. Oktoba 1959 chama chake, MNC, kilikutana hapa; ghasia zikatokea, watu wakafa, naye akarudishwa boloko. Lakini swali la Wakongo kujitawala, pesa za posta zinalijibu namna gani? Januari 1960 wajumbe wetu kule Brussels walimdai, akatolewa, akaenda. Tarehe ikawekwa: 30 Juni.

Sisi wenye diplome bila kazi tunawajua wengi wanaonyamaza maofisini. Wakitoka kusema, tuwaulize kwanza hesabu na karatasi. Habari za mke tuwaachie majirani.