Paa la Gari Liondokalo

Leo nataka kuwaelezeni kazi ya mikono ifanywayo nyumbani na wenye magari ya kale ya Land Rover, yaliyoanza kuundwa Uingereza mwaka 1948. Mabati yake ni ya aluminiamu, kwa kuwa chuma kilikuwa adimu baada ya vita. Na paa lake hufungwa kwa bolti, laweza kuondolewa.

Wengi hupenda kulikata madirisha ubavuni. Pembe za tundu zizungushwe, maana ufa huanzia penye pembe kali. Tena chuma kikigusana na aluminiamu penye maji, aluminiamu ndiyo iliwayo, ikatoka unga mweupe, na paa huharibika hapo (fundi mvivu hulipaka rangi juu tu!). Pakeni rangi pande zote mbili, mtie mpira katikati, ndipo mkaze nati.