Wajane Wasisahauliwe Katika Orodha



Twasoma katika Matendo ya Mitume, sura ya 6, kwamba wajane wa Wayahudi wenye kusema Kigiriki walisahauliwa katika mgawo wa kila siku. Mitume hawakuufuta mgawo. Waliusahihisha, wakaagiza wachaguliwe watu saba wenye sifa njema.

Serikali yetu nayo imekuwa na mgawo wake. Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, ulioundwa mwaka 2000, ulianzisha mwaka 2012 Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini. Fedha zilitoka Serikalini na kwa wafadhili, lakini majina yalianzia katika mkutano wa kijiji au mtaa. Wananchi wenyewe ndio waliotaja nani ni maskini.

Hapo ndipo dhamiri zetu zinapopimwa. Katika Usukuma, bibi kizee mwenye macho mekundu kwa moshi wa jikoni amekuwa akishukiwa uchawi. Nani atasimama amtaje? Mjane wa mvuvi aliyehamia mwaloni juzi hana ukoo kijijini. Nani anamjua?

Kwa hiyo tunawasihi viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo, tangu Magu hadi Ukerewe: mkutano wa namna hiyo unapoitishwa, twende. Tumtaje asiye na wa kumtaja. Tulipinge jina la ndugu yetu mwenye uwezo, hata tukichukiwa nyumbani. Sadaka tunayotoa kanisani haifidii haki tuliyoinyamazia mkutanoni.