Bata Dume na Bata Jike: Yupi Ana Nyama Nyingi?

Leo napenda kuzungumza nanyi habari ya jambo linalowapotezea fedha wafugaji wengi. Mnunuzi hufika nyumbani, akaona bata sita, madume watatu na majike watatu, naye akataja bei moja kwa kila bata. Mwenye bata hukubali, wala hajui kwamba amepunjwa.

Kwanza yafaa tujue ni bata wa namna gani. Wale wakubwa wenye nyama nyekundu usoni, ambao asili yao ni Marekani ya Kati na ya Kusini, madume yao hayalingani na majike hata kidogo. Dume mzima huwa na uzito wa kilo 4 na nusu hadi 6, na jike kilo 2 hadi 3 na nusu. Basi ukimtoa dume kwa bei ya jike, umetoa karibu bata wawili kwa thamani ya mmoja. Lakini wale bata weupe wenye asili ya China, dume na jike hukaribiana kwa uzito. Kwa hao bei moja si dhuluma.

Jambo la pili ni wakati wa kuchinja. Jike huwahi kukomaa, naye hufaa apatapo majuma 10 hivi. Dume humpasa kungoja hadi majuma 12, kwa sababu nyama ya kifua huja mwisho. Ukimchinja mapema utaona mapaja yamejaa, lakini kifuani ni mfupa mtupu. Na ukimweka mno, atakula chakula chako bure na nyama yake itakuwa ngumu.

Je, jike hana faida? La, sivyo! Yeye ndiye atagaye, ndiye alaliaye mayai siku 35, na ndiye aleaye vifaranga. Dume mmoja hutosha majike watano. Kwa hiyo chagueni dume mmoja aliye bora kwa mbegu, wekeni majike wazuri, na madume wanaobaki wapelekeni sokoni.

Na mnunuzi ajapo tena, msihesabu vichwa. Leteni mizani, mpime mbele ya macho yake, kisha ndipo mtaje bei.